Malaika Yakilowa

Mvua ya Kitulo haina adabu. Bondeni mvua inanyesha, inakatika, watu wanaanika nguo zao na maisha yanaendelea. Huku juu inanyesha hata ikiwa hainyeshi, maana ukungu wenyewe ni maji, nyasi ni maji, na ukisimama tu kuvuta pumzi umeshameza maji. Ndiyo maana asubuhi ile, kabla hata ya kufikiria chai, Subilaga alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kibanda cha wasafiri, anafunga mfuko wa kulalia.

Aliusokomeza kwenye nailoni kidogo kidogo, kuanzia miguuni, kwa vidole. Hakuukunja, kwa sababu mfuko unaokunjwa kila siku kwenye mstari uleule manyoya yake huchoka pale pale na kuvunjika. Akaulalia kwa kifua kuitoa hewa, akausokota mdomo wa nailoni, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Juu ya nailoni ile akavisha nyingine. Kisha akautia katikati ya begi la mgongoni, chini yake nguo, juu yake sufuria na unga, maana chini ya begi ndiko maji yanakokwenda kukaa na juu ndiko yanakoingilia. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya begi, akabaki hivyo.

"Dada, humo ndani kuna mtoto?"

Aliyeuliza ni Ezironi Sanga, mchuuzi wa mbegu za viazi, waliyekutana naye kibandani hapo jana yake, wote wawili wakielekea Makete. Mtu mzima, kipara kinaanza, na mdomo wake haujui likizo. Alikuwa anatania tu, hakukusudia ubaya.

"Kuna mfuko wa kulalia," Subilaga akasema.

"Mfuko wa kulalia." Ezironi akatikisa kichwa. "Mtu ana mfuko wa kulalia, halafu usiku kucha anajikunyata kwenye blanketi, anatetemeka mpaka ukuta unasikia. Ninyi Wanyakyusa, hata joto mnaweka akiba?"

"Na wewe Mkinga, mbegu umezifunga vizuri kuliko kitanda chako."

Hapo alisema kweli. Mbegu za Ezironi zilikuwa ndani kabisa ya begi, kavu, zimeviringishwa kwenye nailoni. Mfuko wake wa kulalia ulikuwa unaning'inia nje kwa kamba, ndani ya salfeti ya viazi yenye matundu.

"Uingize ndani," Subilaga akamwambia. "Utalowa."

"Umeshalowa mara ngapi huu. Ukilowa leo, kesho unaanza kunijifunza upya. Wangu haumkumbuki mtu, dada, ndiyo raha yake."

Subilaga akabeba begi lake, akakaza mikanda, na wakatoka.

*

Sasa, kwa asiyeijua habari ya mifuko hii, ni lazima aambiwe, vinginevyo atamwona Subilaga mwendawazimu.

Jina la manyoya yale ni malaika. Ni Kiswahili cha kawaida tu: vile vinyweleo laini vinavyosimama mkononi ukipigwa na baridi ni malaika, na mtu akiwa nacho kimoja ni laika. Miaka ile baridi ilipohamia milimani ikakataa kuondoka, karakana moja bondeni ikaanza kuotesha malaika kwenye mapipa ya kioo, kutoka kwenye chembe za bata. Walichofanya ni kuyapa kumbukumbu. Kila laika lilisimama mwenye mfuko akipata baridi, likalala akipata joto, na lilijifunza. Tangu usiku wa kwanza mfuko huanza kuishika pumzi yako. Msimu mmoja ukilalia mfuko wako, unakuwa umeshajua miguu yako hupoa saa ngapi, unageukia ubavu gani, na kifua chako kinapandaje, ili ufunguke na kufunga pamoja nacho na joto lisipotee. Mfuko wenye uzito wa mkate ulishinda mablanketi matano. Watu wengi wa milimani wako hai leo kwa sababu ya mifuko hiyo, hilo halina ubishi.

Adui yake ni maji. Laika likilowa hujibana na wenzake, joto linapotea, na likikauka linakuwa limesahau yote. Basi karakana ikashona kitambaa kidogo shingoni mwa kila mfuko, kuwaonya watu. Ilitakiwa kuandikwa: *Malaika yakilowa, husahau.* Sijui ni nani aliyeandika, na alikuwa anawaza nini siku hiyo, ila aliandika: *Malaika wakilowa, husahau.*

Herufi moja. Mgeni asingeiona. Lakini mwambie Mswahili *yakilowa* atafikiria manyoya, mwambie *wakilowa* atatazama juu mbinguni. Halafu watu wakaanza kufa, kama watu wanavyokufa, na mifuko yao ikabaki. Ukiuweka mfuko wa marehemu mahali pakavu penye joto kidogo, ulikuwa unapanda na kushuka, unapumua kwa pumzi ya mwenyewe, usiku kucha. Karakana ikasema ifueni, ioshwe, apewe mtu mwingine. Nani akubali? Kila mtu alikuwa ameshasoma kitambaa. Nyumba kwa nyumba, mifuko ikatundikwa juu ya meko, inapumua, na watoto wakakatazwa kupita chini yake na maji.

Subilaga alikuwa mshonaji kwenye karakana hiyo. Alivishona vitambaa vile kwa mikono yake, na aliwacheka sana watu wale. "Ni *ya*," alikuwa anawaambia. "Yakilowa. Ni manyoya, jamani." Aliwacheka mpaka mwaka ule mwanawe alipofariki.

*

Mchana jua lilichungulia. Halikuwa jua la kujivunia, lakini Subilaga alisimama pale pale, akatua begi na kutafuta jiwe la bapa.

"Tunafanya nini?" Ezironi akauliza. "Mto uko mbele, siyo hapa."

"Naupunga hewa. Begi likikaa mgongoni siku nzima linatoa jasho ndani."

Akatandaza nailoni, juu yake akautandaza mfuko, akaupigapiga taratibu kwa viganja ili manyoya yaliyogandamana yaachane. Ezironi alikaa pembeni, akamenya kiazi cha kuchemsha, akaanza kutafuna huku akieleza jinsi bei ya mbegu ilivyo kichaa. Mfuko ulikuwa unavimba. Kisha ukaanza kupumua, na Ezironi akanyamaza, kiazi kikiwa bado mdomoni.

Ulipanda polepole. Ulipofika katikati ukakwama, ungesema hauendelei tena. Halafu ukamalizia kupanda, kwa shida, ukashuka.

"Pumu," Ezironi akasema.

"Pumu."

"Nani?"

"Mwanangu. Tumpe. Alikuwa kidato cha pili."

"Pole, dada." Safari hii hakutania. "Pole sana."

"Asante."

Ukapanda tena, ukakwama tena. Subilaga alijua mkwamo huo kuliko alivyojua jina lake. Miaka yote Tumpe akiwa hai alilala upande wa pili wa chumba akiusikiliza, na kila pumzi ilipokwama katikati, yake pia ilikwama, mpaka ya mtoto iendelee. Watu walimwambia msiba ukiisha atapata usingizi. Hakuupata. Sasa alikuwa anausikiliza mfuko, na alikuwa na furaha ya aina ya kutisha kwamba bado kuna kitu cha kusikiliza.

"Baba yake yuko Makete, bwawani," akasema bila kuulizwa. "Aliondoka Tumpe akiwa darasa la pili. Mtoto alipofariki barabara ilikuwa imekatika, hakumzika. Ameniomba kitu kimoja tu, amsikie. Nimemwambia nitamletea."

"Kwa hiyo ndiyo maana hulali humo."

"Nikilala humo utanijifunza mimi. Hata nisipolala nikiweka tu uso ndani, basi. Pumzi ni maji, Sanga. Ukipumulia ndani ya mfuko usiku mmoja, asubuhi umelowa kwa ndani, na nje mkavu kabisa. Ndiyo maana tuliwafundisha watu: kaza kamba ya shingoni, pua iwe nje." Akapitisha mkono juu ya kitambaa. "Wametulia leo."

Ezironi akamtazama. "Umesema *wa*."

"Nimesema nini?"

"*Wametulia*. Jana ulinisomea somo zima, ni *ya*, ni manyoya, mtu aliyeandika vile angefungwa. Leo *wametulia*."

"Ulimi umeteleza," Subilaga akasema, akaanza kuusokomeza mfuko kwenye nailoni, ingawa jua lilikuwa bado lipo.

*

Mto ulikuwa umejaa, lakini siyo wa kumzuia mtu aliyeshauvuka maisha yake yote. Ezironi alitangulia na fimbo, akigeuka kila hatua kumwelekeza Subilaga mahali pa kukanyaga. Alikuwa anageuka kumwambia jambo fulani kuhusu jiwe la kijani, kwamba lisiaminiwe, alipolikanyaga yeye mwenyewe.

Akaenda chini mzimamzima. Maji yakampeleka mpaka kwenye kichaka cha ukingoni, na hapo begi lake likanasa. Subilaga aliweka lake mahali pa juu, mahali pakavu, ndipo akamkimbilia; wazo hilo lilikuja kumsumbua baadaye, kwamba kwanza aliweka begi. Alimvuta kwa kamba ya nguo. Ezironi alitoka akikohoa na kucheka pamoja, akasema, "Mbegu. Mbegu ni kavu?" Mbegu zilikuwa kavu. Mfuko wa kulalia ulitoka kwenye salfeti unachuruzika, mzito, umenywea kuwa kitu cha ukubwa wa paka aliyelowa.

Mvua ikaongezeka, na upepo ukaja nayo. Kulikuwa na banda la zamani la ng'ombe mbele kidogo, limebaki nusu ya paa. Subilaga akamkokota mpaka humo, akamwambia avue nguo.

"Dada, heshima kidogo."

"Heshima utaivaa kesho. Vua."

Alimkausha kwa kanga, akamvisha sweta lake mwenyewe na soksi zake, akamfunga blanketi. Kuni zote zilikuwa zinachuruzika. Alikuwa na jiko dogo la spiriti la kuchemshia chai, na spiriti yenyewe mabaki. Akachemsha kikombe kimoja, akamimina sukari yote. Ezironi alitetemeka mpaka nusu ya chai ikamwagika kifuani. Subilaga akakaa nyuma yake, akamkumbatia pamoja na blanketi, mgongo wake kwenye kifua chake, na akaanza kuzungumza naye bila kukoma, kwa sababu mtu yule akinyamaza ni jambo baya. Akamuuliza bei za mbegu. Ezironi akajibu. Akamuuliza za mwaka jana. Akajibu, lakini alichanganya.

Halafu akaacha kutetemeka.

"Nimepata joto," akasema kwa sauti ya mtu aliyeridhika, na akaanza kulivua blanketi.

Mtu yeyote aliyeishi miaka ya baridi anajua maana yake. Watu walikutwa asubuhi barabarani wamevua makoti, wameyakunja vizuri, wamelala pembeni. Subilaga akamrudishia blanketi. Ezironi akalivua tena, akitabasamu, akamwita kwa jina la mwanamke mwingine.

Kijiji cha karibu kilikuwa nusu siku ya mwendo. Blanketi lilikuwa limeshalowa. Mwili wa Subilaga mwenyewe ulikuwa unapoa. Hakuwa na joto la watu wawili. Kila kitu alichokuwa nacho alikuwa ameshakitumia, isipokuwa kimoja, na kilikuwa ndani ya begi lile, katikati, kikavu.

Tusimhukumu. Alikaa pale akitazama begi, na hakuinuka. Alimfikiria baba Tumpe, mtu aliyeomba kitu kimoja. Alifikiria kwamba huyu Sanga alishaambiwa auweke mfuko ndani, akacheka. Alifikiria kwamba amemjua tangu jana tu. Alimchukia, kwa ukweli wa Mungu, alimchukia kwa kuwa alikuwa anakufa mbele yake na siyo mahali pengine.

"Ni manyoya," akasema kwa sauti. "Ni *ya*. Ni manyoya."

Alilisema mara kadhaa, na hakuna aliyeamini pale bandani. Kisha akafungua begi.

Alijaribu kwanza kuwaokoa wote wawili. Alimkausha Ezironi tena mpaka ngozi ikawaka, akamfunga kichwa kwa kitambaa kikavu, akamwingiza kwenye mfuko, akaikaza kamba ya shingoni na kuacha pua nje, kama alivyokuwa akiwafundisha watu. Malaika yakavimba. Mfuko ukapanda, ukakwama, ukashuka.

Lakini mfuko ulikuwa unamjua mtu mwingine. Tumpe alikuwa na miguu ya moto siku zote, kwa hiyo miguu ya Ezironi uliiacha na baridi yake. Kifua cha Tumpe ndicho kilichobanwa, kwa hiyo hapo ndipo uliposhindilia joto lote, na ukaendelea kufunguka na kufunga kwa pumzi ya Tumpe, kwa upole, bila kuchoka. Na Ezironi, ambaye hakuwa na nguvu tena ya kushika pumzi yake mwenyewe, akaanza kuifuata. Kifua kikapanda. Kikakwama katikati.

Subilaga akasubiri. Kikamalizia.

Pumzi iliyofuata ikakwama zaidi. Mtoto aliyezaliwa na pumu amejifunza kuisukuma. Mtu huyu hakujifunza. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mfuko ulikuwa unamfundisha kitu kitakachomuua, na ulikuwa unamfundisha kwa sababu ndicho pekee ulichokijua. Pumzi ya tatu ikakwama, na haikuendelea.

Hapo Subilaga hakufikiria tena. Alimpiga Ezironi kofi la shavu, naye akashtuka, akavuta hewa kwa kelele. Subilaga akailegeza kamba, akakivuta kichwa chote ndani ya mfuko, uso, pua na mdomo, akaacha tundu dogo tu, akakaza. Sasa kila pumzi aliyoitoa Ezironi, yenye joto na yenye maji, iliingia kwenye malaika kidogo kidogo, ya kutosha kuyasahaulisha, siyo kuyapoza.

Akalala pembeni yake kwenye sakafu ya banda, akaweka mkono juu ya mfuko, mahali pa kifua.

Mwanzoni Tumpe alikuwa bado yupo. Ukapanda, ukakwama. Subilaga akamwambia, "Samahani, mwanangu." Akamwambia vitu vingine pia, vya kawaida: kwamba sketi yake ya shule bado haijagawiwa, kwamba shangazi yake amejifungua. Analia, lakini anazungumza. Chini ya kiganja chake mkwamo ulikuwa unapungua. Mara ukaja mdogo tu, kisha haukuja, kisha ukaja tena akashukuru kama mtu aliyepewa. Pumzi nyingine ilikuwa inaingia katikati yake, nzito, ya mwanamume, yenye kukoroma kidogo. Wakati mwingine alisikia zote mbili pamoja. Mkwamo wa mwisho hakuujua kwamba ni wa mwisho. Aliendelea kungoja mwingine mpaka kukapambazuka.

*

"Niko wapi?" sauti ikauliza kutoka ndani ya mfuko.

Subilaga akafungua kamba. Ezironi akatoa uso, una joto, una jasho, akatazama nusu ya paa na anga jeupe. Akatazama mfuko aliolalia. Ulikuwa na unyevunyevu, umelegea, lakini ulikuwa unapanda na kushuka vizuri kabisa, pamoja naye. Ilimchukua muda. Subilaga alimwona akielewa, na hakumsaidia.

"Dada," akasema mwishowe. "Ungeniacha."

"Ningekuacha, mbegu zako angezibeba nani?"

Ezironi alijaribu kucheka, akashindwa, akajifunika uso kwa mikono. Baadaye, wakiwa wameshavaa na wanafunga mizigo, akasema, "Kwa huyo baba, mimi ndiye nitakayesema. Nitapiga magoti mlangoni, nitasema ni kosa langu, jiwe nililikanyaga mwenyewe."

"Utakaa kimya," Subilaga akamwambia. "Kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe."

Akaufunga mfuko kwenye nailoni zake zote mbili, kwa vidole, kuanzia miguuni. Hakujua kwa nini anaufunga vile. Mikono ilikuwa imeshazoea.

*

Nyumba za wafanyakazi wa bwawa zilikuwa zimepangwa mstari, na ya Ambakisye, baba Tumpe, ilijulikana kwa moshi. Alikuwa amewasha jiko tangu alfajiri. Alikuwa amefagia, ametandika shuka jipya kitandani, ameziba kwa matambara kila ufa wa dirisha ili unyevu usiingie. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alisimama mlangoni akiwa amevaa shati la kanisani.

"Ugonile, Mama Tumpe," akasema. Kwao salamu hiyo maana yake ni umelala salama?

"Ndaga," Subilaga akaitikia. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na mpango ulikuwa ayaseme mlangoni, kabla ya kitu chochote. Lakini Ambakisye alikuwa ameshamvua begi mgongoni, kwa uangalifu wa mtu anayempokea mtoto, na alikuwa ameshalipeleka ndani. Akalifungua mwenyewe. Akatoa nailoni, akatoa mfuko, akautandaza juu ya shuka jipya. Joto la jiko likaufikia, na malaika yakaanza kusimama.

Mfuko ukapanda. Ulipanda mpaka juu, mpana, sawasawa, bila kukwama popote, ukashuka. Ukapanda tena.

Ambakisye akapiga magoti, akalaza sikio juu yake. Akafumba macho. Uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe alipona," akasema polepole. "Mama Tumpe, kila salamu ulikuwa unaniambia pumu, pumu, mimi huku silali. Kumbe mwishoni alikuwa anapumua vizuri namna hii."

Mlangoni, kwenye mvua, Ezironi alikuwa anatazama viatu vyake.

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na mtu huyu angelala usingizi kwa maisha yake yote yaliyobaki, sikio lake juu ya mfuko. Subilaga alilipata neno hilo ulimini, na alilitaka, kwa ajili yake na kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Lakini akiitikia, basi Tumpe hatakuwepo popote tena, hata kwa baba yake. Mahali pake patakuwa na mchuuzi wa viazi anayekoroma.

"Baba Tumpe," akasema. "Huyo siyo yeye."

Ambakisye hakuinua kichwa.

"Ni pumzi ya mtu huyu aliyesimama nje. Alilowa mtoni, alikuwa anakufa, sikuwa na kitu kingine. Nilimtia humo, nikamfunika uso. Tumpe hayumo tena. Nilikuwa nimemshika mkono alipoondoka."

Ambakisye alibaki vilevile, na mfuko ukaendelea kumpandisha na kumshusha kichwa, taratibu. Kisha akakaa kitako sakafuni, akajifuta uso kwa mkono wa shati la kanisani, akageukia mlangoni.

"Ingia, ndugu yangu," akamwambia Ezironi. "Unalowa hapo."

Ezironi akaingia, akasimama karibu na ukuta, mikono nyuma, na kweli hakusema neno.

"Ilikuwaje?" Ambakisye akamuuliza Subilaga. "Pumzi yake. Niambie tu."

Subilaga akafungua mdomo kumwelezea. Akasema ilikuwa inapanda, halafu inakuwa kama, halafu. Na akaona maneno hayafiki. Akaenda kukaa sakafuni pembeni yake. Akauchukua mkono wa mtu huyo, mgumu, wenye harufu ya saruji, akauweka kifuani mwake mwenyewe. Akavuta hewa mpaka katikati. Akaiacha ikwame. Akangoja pale, kwa urefu uleule aliokuwa akingoja miaka yote gizani, mpaka kifua kikamuuma, ndipo akaimalizia kwa shida na kuishusha.

Vidole vya Ambakisye vilikuwa vimekaza kwenye nguo yake.

"Tena," akasema.

Subilaga akavuta tena.